Ulimi wa Mla Mgebuka

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kutangaza kwamba harmonika zote tulizoletewa zilikuwa mbovu. Sikusema moja au mbili. Nilisema zote, mbele ya mkuu wa kituo, nikiwa nimevaa shati jipya, kabla hata sijamaliza wiki. Nilikuwa nimezijaribu moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na ugonjwa uleule: ukivuta pumzi kwenye tundu la pili kutoka kushoto, sauti inatoka imekabwa, kama mtu anayeitikia hodi huku ana tonge mdomoni. Nikazirudisha kwenye boksi, nikalifunga kwa kamba, nikaomba zirudishwe zilikotoka.

Mkuu wa kituo alikuwa Dada Leokadia, Muha wa Kasulu, mwanamke asiyepandisha sauti hata akigombana.

"Zote?" akaniuliza.

"Zote, dada."

"Tundu lilelile?"

"Lilelile."

Akaliangalia boksi, kisha akaniangalia mimi. "Mwalimu Rama, siku nikiona nyumba zote za mtaa zimeinama upande mmoja, kwanza nitajishika shingo."

Boksi halikurudishwa. Nilikaa nalo chumbani nikiwa na aibu kubwa, nikajaribu upya, na hatimaye nikaupata ubovu. Ulikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimebana midomo, nimekaza koo, nimeinua ulimi, kisha navuta pumzi kama mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa. Tundu la pili halikubali kunyanyaswa. Legeza taya, shusha ulimi, fungua koo kama unayetaka kupiga miayo, kisha vuta kidogo tu, kama unavyonusa mboga ya jirani bila kutaka akuone. Harmonika zote zilipona siku hiyohiyo.

Ninaanzia hapo kwa sababu ninyi mnaoanza kazi hii huko makambini mmeniomba niandike nilichojifunza, na nilichojifunza kwanza ndicho hicho. Najua wazee waliostaafu bandarini na relini watanicheka nikisema nimestaafu, maana sijaota hata mvi. Lakini kituo kimefungwa, chumba changu cha muziki sasa ni stoo ya saruji, na mtu ambaye chumba chake kimekuwa stoo ana haki ya kuandika kumbukumbu.

Kituo chetu kilikuwa pembeni ya mji wa Kigoma, mahali ambapo ukisimama kwenye uzio unaliona ziwa lote. Ilikuwa miaka ile boti zilipokuwa zikivuka kutoka Kongo zimejaa watu hadi ukingoni. Walioshuka walipewa blanketi, sufuria na nafasi ya kulala, wakakaa siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha malori yakawapandisha kambini kwa barabara ya Kasulu. Katikati ya kushuka kwenye boti na kupanda lori kulikuwa na kungoja, na kungoja kunaumiza watu kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana pakawa na chumba cha muziki. Mfadhili fulani alileta boksi la harmonika, zile ndogo za matundu kumi ambazo watu wetu huziita vinanda vya mdomo. Wakauliza nani anajua kuzipiga. Nikanyoosha mkono.

Nilikuwa najua, ila nilijifundisha mwenyewe. Nilikulia Ujiji, nikarithi harmonika ya mjomba, na mwalimu wangu alikuwa kaseti moja ambayo niliirudisha nyuma mpaka utepe wake ukaanza kulia kama paka. Kaseti inakupa sauti, haikuonyeshi mdomo. Kwa hiyo nilijenga mdomo wangu kwa kubahatisha, mbele ya kipande cha kioo, na kwa tabia yangu ya kutaka kila kitu kinyooke nikajenga na sheria. Midomo ikae kama ya mtu anayepiga mluzi. Tundu moja, sauti moja, safi. Ukitoa sauti mbili kwa pamoja umekosea, anza upya. Nilifanya mazoezi mpaka midomo ikachanika, nikaipaka mawese ilainike, na kwa muda mrefu harmonika yangu ilinukia kama jiko la Idi.

Ningependa kusema kwamba kisa cha tundu la pili kilinifundisha nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Hapana. Kilinifundisha kuhukumu kitu kingine. Kabla yake nililaumu vyombo. Baada yake nikaanza kulaumu midomo. Mtu mpya akiingia chumbani tulisalimiana, akanitajia jina, kisha nikamwambia, "Hebu nione mdomo." Nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaangalia midomo inavyokutana, meno yalivyopangwa. Siku moja msichana mmoja aliyekuwa kwenye foleni akamwambia mwenzake kwa sauti, "Simama vizuri, Mwalimu ananunua mbuzi." Chumba kizima kilicheka. Mimi sikucheka, ila usiku nililikumbuka neno lile.

Nje ya lango letu alikuwa akikaa Mama Stela, mwanamke wa upande wa Fizi, ng'ambo, ambaye alivuka ziwa zamani kidogo, akahamia kwa shemeji zake mtaa wa Gungu, na sasa alikuwa akiuza migebuka ya kuchoma. Kwa msomaji asiye wa kwetu: mgebuka ni samaki wa ziwa hili, mtamu, na mifupa yake inataka heshima. Nilimjua kama muuza samaki tu, mpaka mchana mmoja nikiwa ndani nikasikia harmonika ikipigwa nyuma ya ukuta. Wimbo ulikwenda juu, laini, na chini yake kulikuwa na sauti nene iliyokwenda chu-ka, chu-ka, chu-ka, kama ngoma ndogo yenye pumzi. Watu wawili, nikasema moyoni, na wote wawili wanajua. Nikatoka mbio kuwaalika.

Nikamkuta Mama Stela peke yake. Mkono mmoja unapepea mkaa, mwingine umeshika harmonika.

"Shikamoo, Mama Stela. Mwenzako yuko wapi?"

"Marahaba. Mwenzangu gani?"

"Anayepiga ile ya chini."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mwalimu, jua limekuchoma. Iko miye tu."

"Ile ya juu na ile ya chini, zote wewe?"

"Kwani weye una mudomo ngapi?"

Harmonika ilikuwa ya marehemu mumewe, fundi wa injini za boti. Alikuwa mtu wa kuificha, na Mama Stela alijifunza kwa kuichukua kila mume alipokwenda ziwani. Nilimuuliza anafanyaje, akasema, "Napiga tu." Nikaomba kuiona. Ndani ya matundu mlikuwa na magamba ya samaki. Nawaambia kweli, mwili ulinisisimka. Na hapo nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nahisi joto masikioni: nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba inapendeza lakini si sahihi, maana alikuwa akiweka mdomo mzima juu ya matundu mengi.

"Sawa, mwanangu," akasema, akigeuza samaki. "Weye piga ya sahihi. Miye naita wateja."

Na wateja walikuja kweli.

Elia alikuja baadaye kidogo, katika wiki ambazo boti zilikuwa zikifika karibu kila alfajiri. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mpana wa mabega, na alisimama mlangoni amefunika mdomo kwa kiganja, kama mtu anayezuia kikohozi. Aliniambia kwamba kwao alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa.

"Tarumbeta ilibaki ng'ambo," akasema. "Lakini hata ingekuja, haingesaidia." Akaondoa kiganja.

Ziwani, wimbi lilipowapiga, alikuwa amemkumbatia dada yake asianguke, na mdomo wake ukapiga ukingo wa boti. Meno mawili ya mbele ya juu hayakuwepo. Mdomo wa juu ulikuwa umechanika upande wa kushoto na umepona vibaya, una kovu gumu lililouvuta juu, hivi kwamba hata akifunga mdomo, pembe ile inabaki wazi kidogo.

Alichotaka kilikuwa kimoja. Dada yake, Riziki, alikuwa anaolewa hapohapo kituoni, kabla malori hayajawapandisha kambini. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nyumbani kimya. Kaka yake mkubwa humpigia tarumbeta kutoka mlangoni mpaka barabarani. Baba yao aliwapigia shangazi zao. Elia mwenyewe alimpigia dada yao wa kwanza. "Nimesikia hapa kuna kinanda cha mdomo," akasema. "Ni kidogo, lakini ni pumzi."

Nikampa harmonika, nikamwambia abane midomo kama anapiga mluzi. Hewa ikatoroka pembe ya kushoto: fffff. Akajaribu tena. Fffff. Nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaangalia kovu, nikasema kwa sauti ya daktari ambayo sijui niliitoa wapi:

"Mdomo wako hautafunga, kaka. Usijisumbue."

Hakubisha. Aliipangusa harmonika kwa ncha ya shati lake, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Angenitukana ningelala. Ile mikono miwili ndiyo iliyoninyima raha.

Kesho yake asubuhi akaja Riziki. Hakubisha hodi.

"Njo weye Mwalimu wa midomo?" akauliza; kwao "njo" ni "ndiye" au "ndiyo".

"Mimi ni Ramadhani. Karibu."

"Kaka yangu amelala anaangalia ukuta tangu jana. Ulimuambia nini?"

"Nilimwambia ukweli, dada."

"Ukweli ya nani?"

Akaendelea, anahesabu kwa vidole. "Bwana iko. Nguo nimeazima. Wamama wa kupiga vigelegele wako. Sasa nitatoka mlangoni namna gani? Kimya, kama mwizi wa kuku?"

"Mtu mwingine anaweza kupiga. Hata mimi naweza—"

"Weye ni kaka yangu?"

"Hapana."

"Basi." Akaondoka. Alipofika mlangoni akageuka. "Ule mudomo ulivunjika juu yangu. Angeniacha nianguke ziwani, ungesema mudomo yake ni muzuri sana."

Siku ile nilifunga chumba mapema. Nilichukua kioo changu, nikaweka kijiti cha kiberiti chini ya mdomo wangu wa juu, upande wa kushoto, ili ubaki wazi kama wa Elia, nikajaribu kupiga. Fffff. Nikainamisha harmonika, nikaisogeza kulia, nikajaza shavu hewa, nikakaza hapa na kulegeza pale. Nilichopata ni mate kwenye kola. Najua kuna walimu ambao wangeikubali hali na kuendelea na wengine. Mimi sina kipaji hicho. Kitu kisiponyooka kinanikaa tumboni, na safari hii kilichonikaa hakikuwa wimbo, kilikuwa mtu.

Kwa kuwa sikujua la kumwambia, siku iliyofuata nilimwita Elia langoni nikamnunulia samaki. Ndiyo njia ninayoijua ya kuomba radhi. Tulikaa kwenye magogo mbele ya jiko la Mama Stela, ugali wa muhogo katikati yetu na migebuka juu ya jani la mgomba. Elia alikula amegeuka pembeni ili nisimwone. Mama Stela, ambaye haya si ugonjwa wake, alimkodolea macho waziwazi.

"Mwalimu," akasema. "Tazama huyu mutu anavyokula."

"Mwache ale, Mama."

"Nasema tazama!"

Nikatazama. Elia alikuwa akiweka kipande kizima mdomoni, pamoja na mifupa, hatumii vidole. Taya linakwenda polepole. Kisha, kwenye pembe ya kulia ya mdomo, mfupa ukachungulia, mweupe, safi, ukaanguka kiganjani. Ukafuata mwingine. Pembe ya kushoto ilikuwa wazi kama kawaida, meno ya mbele hayapo, lakini hakuna hata punje ya nyama iliyodondoka.

"Ulimi wake umefunga huku," akasema Mama Stela, akijigusa shavu la kushoto, "na mifupa inatokea huku. Njo vile napiga."

"Unapiga nini?"

"Kinanda! Uliniuliza napiga namna gani. Njo namna hiyo. Ulimi unalala juu ya matundu, hewa inapita pembeni. Kama mufupa wa mugebuka."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Siku ile nilikuwa sijui. Leo nimeona kwa huyu."

Elia alikuwa ameacha kutafuna. Nilibaki nimeshika tonge mpaka likapoa. Kaseti yangu yote, ile niliyoamini miaka yote kwamba ina wapigaji wawili, ilikuwa ikipigwa na mtu mmoja mwenye ulimi.

Hapa nawaomba muwe na subira na maelezo, kwa sababu haya ndiyo mtakayoyahitaji. Kwa namna yangu ya zamani, midomo ndiyo inayochagua tundu, kwa hiyo midomo ikiwa na kasoro kazi imekwisha. Kwa namna ya Mama Stela midomo haichagui chochote; inakumbatia tu. Unafungua mdomo kwa upana wa matundu manne hivi na kuiingiza harmonika ndani kabisa, mpaka igote pale midomo inapokuwa na unyevu, siyo kwenye ngozi kavu ya nje. Mdomo wa juu unalala juu yake kama blanketi. Kisha ulimi, bila kukaza, unalala juu ya matundu ya kushoto na kuyafunga, na hewa inabaki na njia moja tu, pembe ya kulia. Hapo unapata sauti moja, safi, bila kubana kitu. Ukiinua ulimi kidogo, matundu yaliyofungwa yanalia yote pamoja: ndiyo ile chu-ka ya chini. Ukiuweka tena, wimbo unabaki peke yake. Inua, weka, inua, weka. Kwa Elia, ulimi uleule uliofunga matundu ulilala pia nyuma ya kovu, ukaziba pale mdomo uliposhindwa. Na pengo la meno, ambalo mimi nililihesabu kama kasoro, liliupa ulimi nafasi ya kupita.

Tulianza siku hiyohiyo, na haikuwa rahisi. Elia alikuwa na tabia zote za tarumbeta. Alipuliza kama anaita kanisa zima, na vipande vya shaba ndani ya harmonika, vile vyembamba vinavyotetemeka, vikawa vinakwama. Nikamwambia apulize kama anapoza uji wa mtoto. Halafu kuvuta. Tarumbeta haivutwi, harmonika nusu ya sauti zake zinatoka ukivuta, na Elia alijaa pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Mwalimu, nimejaa."

"Toa puani."

"Nikitoa puani, wimbo unakatika."

"Unakatika kidogo. Hakuna atakayekufa."

Nilijisikia nikisema maneno hayo, nikashangaa yametoka kwangu.

Tuligawana kazi. Mama Stela alisimamia ulimi: alikaa mbele ya Elia, mwiko mkononi, akimpigia mapigo kwenye sufuria. "Inua! Weka! Ulimi si gogo, ulimi ni samaki!" Mimi nilisimamia tundu la pili, ugonjwa niliokuwa nimeugua mwenyewe: legeza taya, fungua koo, nusa mboga ya jirani. Kati ya mazoezi nilisafisha harmonika ya Mama Stela kwa unyoya wa kuku, nikatoa magamba yote. Aliijaribu, akakunja uso, akalalamika kwamba nimeiondolea chumvi. Elia akacheka mdomo wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka bila kiganja.

Kisha Dada Leokadia akaja chumbani na habari kwamba malori yanakuja mapema kuliko tulivyoambiwa. Harusi ifungwe asubuhi ileile ya safari, na maharusi wapande lori kutoka kwenye sherehe. Mwanzo wa wimbo ulikuwa bado unamtoroka Elia. Kila alipoanza akiwa na wasiwasi ulimi ulirudi nyuma, na kovu likatoa hewa. Nikamwambia Dada Leokadia kwamba hatuko tayari, tunahitaji muda.

"Mwakeye, Mwalimu," akasema, akinisalimu kwa Kiha, maana sikuwa hata nimemsalimia. "Malori hayapigi harmonika. Yanapiga honi."

Asubuhi ya harusi niliamka kabla ya jogoo, kama ninayeolewa mimi. Riziki alikuwa ndani ya banda la turubai, pazia likiwa ndiyo mlango. Bwana harusi, Yoramu, kijana mwembamba mwenye koti la kuazima, alisimama barabarani karibu na lori ambalo injini yake tayari ilikuwa ikinguruma. Mizigo ilikuwa imepakiwa. Kina mama wamejipanga pande mbili. Mchungaji alikuwa amemaliza sehemu yake, na sasa ilikuwa zamu ya kaka.

Elia akasimama mbele ya pazia, akaweka harmonika mdomoni. Fffff.

Hewa tupu. Kina mama wakatazama chini kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko kuzomewa. Mimi nilikuwa nimeuma kidole. Mama Stela, aliyeliacha jiko lake bila mtu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemhudumia mteja, "Kula samaki, mwanangu."

Elia akaishusha harmonika. Akalamba midomo. Akaiingiza tena, ndani zaidi, akainamisha kichwa upande wa kulia, nami nikaona taya lake linakwenda polepole kama siku ile kwenye magogo. Sauti ikatoka. Moja, safi. Halafu ulimi ukainuka, na chini ya wimbo ikaanza ile chu-ka, chu-ka, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akauliza, "Mwingine yuko wapi?" Bila kugeuka, nikamwonyesha Elia kwa kidole.

Pazia likafunguka, Riziki akatoka. Vigelegele vikapanda. Walikwenda polepole, Elia mbele anarudi kinyumenyume akimpigia, dada yake anamfuata hatua kwa hatua. Katikati ya njia wimbo unashuka kwenye tundu la pili, tena kwa kuvuta. Nilijua linakuja, nikafumba macho. Nilipofumbua niliona kidevu cha Elia kimeshuka, koo limefunguka, na sauti imetoka nzima, nene, haikukabwa hata kidogo. Sijawahi kupiga tundu lile vizuri kiasi kile, na nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo.

Walifika barabarani. Yoramu akanyoosha mkono. Riziki hakuushika. Alisimama, akamtazama kaka yake.

"Ulikosea pale mlangoni."

Elia akapangusa mdomo. "Kidogo."

"Ilitoka upepo."

"Ilitoka."

"Basi turudi."

"Riziki," akasema Yoramu, "dereva anatuangalia."

"Aangalie. Anaolewa yeye?"

Akainua nguo yake ya kuazima isiburute vumbini, akarudi njia yote mpaka kwenye banda, akaingia ndani, akafunga pazia. Kina mama wakajipanga upya wakicheka na kufuta macho. Elia akarudi mahali pake. Dereva wa lori, mtu ambaye kazi yake yote ni kuwahi, akazima injini.

Safari ya pili hakukutoka upepo. Riziki alitembea polepole zaidi ya mwanzo, na sasa nilielewa kwamba hakurudi kwa ajili ya lile kosa. Alipofika barabarani aliushika mkono wa Yoramu, akapanda.

Kabla naye hajapanda, Elia alitaka kunirudishia harmonika. Alikuwa ameshaipangusa, ameishika kwa mikono miwili. Nikaisukuma mikono yake kifuani kwake. Dada Leokadia, ambaye alikuwa na dhamana ya kila kitu kituoni hadi vijiko, alikuwa amegeuka anaangalia ziwa kwa makini sana.

Nilifanya kazi pale miaka mingine kadhaa, mpaka boti zilipopungua na kituo kikafungwa. Mama Stela alikuja kufundisha ndani asubuhi, kabla samaki hawajafika, na sheria zangu, ambazo nilikuwa nimezibandika ukutani, nikazibandua mimi mwenyewe. Namna ya mluzi bado naifundisha, ni nzuri kwa anayeiweza, lakini sikusema tena kwamba ile nyingine si sahihi. Bado nina wasiwasi, bado narudia mambo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Hilo halikubadilika, na sitawadanganya.

Kilichobadilika ni hiki. Zamani mtu mpya akiingia chumbani kwangu, nilimgeuza kwenye dirisha nikamwambia anionyeshe mdomo. Tangu harusi ile nilianza kuagiza samaki kwanza, na sikumwambia tena mtu yeyote kwamba hataweza kabla hatujamaliza kula.